Tumbo la Samaki

Mlango uligongwa tena, kwa unyonge, na fundi saa akaendelea kusoma kana kwamba masikio ameyaacha dukani.

Majirani waliobanana sebuleni kwake walitazamana. Pengine hakusikia kwa kelele za zile saa za ukutani, mbovu kwa nzima, zilizokuwa zikigonga ovyo kila upande. Kila Jumamosi mchana walikuja kumsikiliza akiwafafanulia Maandiko kwa namna yake: mle hamna bahari wala mlima, yote yamo ndani ya mtu. Bahari ni akili isiyotulia. Dhoruba ni hasira. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Yona.

"Samaki hakuwepo," alisema. "Samaki ni giza. Mtu hukaa humo mpaka ajitambue."

Wakaitikia kwa vichwa. Maneno matamu yale, yanamfanya mtu ajione ana akili hata kabla hajala. Mkewe tu, kwenye kigoda karibu na jikoni, roho ilikuwa juu. Alikunja upindo wa gauni, akaukunjua, akaukunja tena.

Kilichomsumbua kilijulikana. Jumamosi moja kitindamimba wao alisimama palepale sebuleni, mbele za watu, akamwambia baba yake kwamba mambo hayo anayatunga. Tangu hapo kijana hakuonekana. Mwenye duka la jirani alipouliza, fundi alijibu kwamba yuko kwenye safari yake, akijitambua watamwona. Watu si wajinga. Walishakata shauri kwamba mtoto kafukuzwa, wakamwonea mama huruma. Bado alipika chakula cha watu watatu. Kila jioni aliweka sahani mlangoni, asubuhi akaikuta tupu, na kwa hilo alipata nguvu ya kuikabili siku.

Mlango uligongwa kwa mara nyingine.

"Mume wangu," mama alisema, "na Yona alitolewa na nani?"

"Hakutolewa. Alijitambua, akatoka."

"Mimi nilisikia Mungu alimwamuru samaki amtapike."

Fundi alicheka, akawaambia wageni kwamba mkewe kashika maneno kaacha maana. Wageni hawakucheka sana.

Mama alisimama. Alikwenda mezani, akachomoa kitabuni ufunguo mdogo ambao mumewe aliufanya alama ya ukurasa.

"Kaa chini," fundi alisema. Ule upole wa mwalimu ulikuwa umemwisha.

Hakukaa. Mwenye duka, machozi yakimlengalenga, aliuwahi mlango wa mbele ili kijana asisubiri zaidi, akaufungua wazi.

Nje palikuwa na viatu vyao tu. Walipogeuka, mama alikuwa ameshapita jikoni, amepiga magoti mbele ya kufuli la stoo, na chini ya mlango ule vilikuwa vimechomoza vidole vinne, vikikwaruza sakafu.