Ziara ya Nne ya Opera

Sheria haikuruhusu mtu kutoka na onyesho kichwani, kwa hiyo kila aliyekwenda ng'ambo kwa ziara ya opera, michezo ya kuimbwa jukwaani, majira ya mapukutiko, alifutiwa kumbukumbu zote za ukumbini pale uwanja wa ndege. Mkasi na mumewe Haji walirudi Tanga na picha za majani mekundu tu.

Alipoingia kuoga, Mkasi aliona maandishi ya wanja pajani, mwandiko wake mwenyewe: “Haji amekiri kila kitu, ukumbini. Usimsamehe.”

Amekiri nini? Aliganda, kopo la maji mkononi. Haji, mtu asiyependa hata taarabu, ndiye aliyeng'ang'ania ziara hizi, mwaka wa nne sasa.

“Mama Rukia,” Haji alimwita mkewe kwa upole nje ya mlango, “mwakani twende tena, eh?”