Doa Jekundu la Kinyonga

Enzi wanyama walipokuwa wakisema, Swala na wenzake walikula majani katika kisiwa kidogo katikati ya mto. Kinyonga, aliyejivunia rangi zake, walimpandisha juu ya mti awaonyeshe kwa ngozi yake hali ya maji yanayokuja.

Naye akaonyesha kila kitu. Mkia zambarau kwa ajili ya upepo, mgongo manjano kwa mawingu, miguu buluu kwa samaki, na shavuni doa dogo jekundu: maji yanajaa.

"Mashallah!" Ngedere alipiga makofi. "Hebu rudia hiyo zambarau!"

Walikuwa wangali wakishangilia mto ulipowavamia. Mtoto wa Swala aliokolewa kwa kuvutwa sikio.

"Hukutuambia!" Swala alilia.

"Niliwaambia! Hapa shavuni!"

"Nani atazame shavu lako, mwenzangu, na mkia unawaka hivyo?"

Tangu siku hiyo Kinyonga akawa wa kijivu mwili mzima, kama gome la mti. Kila asubuhi Ngedere alimzomea: "Rangi zimekuishia, mzee?" Ngozi ilimwasha kwa hamu ya kujibu, lakini alikaza roho, akabaki kijivu.

Asubuhi moja akawa mwekundu, kuanzia pua hadi ncha ya mkia.

Maji yalipokifunika kisiwa, Kinyonga alisubiri makofi. Akatazama chini: hapakuwa na hata mmoja. Wote walikuwa wameshavuka, Ngedere akiwa wa kwanza, wala hakuna aliyekumbuka kusema kwamba siku hiyo Kinyonga alipendeza.