Mchele wa Harusi ya Jirani

Tangu Mwatumu apatwe na huzuni isiyo na jina, mumewe Kombo alikuwa akimtibu kwa vitu. Alileta friji, akaleta kabati la vioo, na leo alirudi na televisheni, boksi zima kifuani. Nyumbani hakumkuta. Alimkuta uani kwa jirani, kati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa harusi, anacheka mpaka ushungi umemdondoka.

Kombo akaduwaa. "Mwatumu, mbona friji hukuichekea hivi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwatumu akafuta machozi. "Weka hilo boksi chini, bwana wee, ushike ungo."

Akaushika. Chuya ni ipi, jiwe ni lipi, hakujua. Kila alichokitupa, Mwatumu alikirudisha huku akimcheka, naye Kombo akashangaa kwamba hakukasirika.

Mvua ikashuka ghafla. "Mchele!" wakapiga kelele, kila mtu akanyanyua ungo wake, wakakimbilia ndani.

Kombo alijikuta mlangoni amekumbatia ungo, anahema. Boksi lilibaki uani, linalowana. Alitaka kulikimbilia, lakini mikono ilikuwa imejaa mchele, na nyuma yake Mwatumu alikuwa bado anacheka.