Nusu Kikombe

Loveness alisimama na daftari lake. Mwalimu Donatus alikuwa amelipa darasa lake la watu wazima zoezi la Kiingereza: kila mtu aeleze mambo yaliyozoeleka kwao zamani. Wengine waliandika ngoma na mavuno ya pamba. Yeye aliandika habari za bibi yake.

"Bibi alikuwa akipikia samadi kavu," alisoma kwa Kiingereza cha kuungaunga. "Macho yakawa mekundu kwa moshi, watu wakamwita mchawi. Kuna mgeni alikuwa akija kila Jumapili kuomba maji. Alikuwa akinywa nusu kikombe, yanayobaki anayamwaga kizingitini. Jumapili ya mwisho alikuja na panga."

Loveness akafunga daftari.

"Uso wake uliuona?" Mwalimu aliuliza taratibu.

"Hapana. Nilijificha jikoni, nikachungulia kwenye ufa. Niliona mkono tu."

"Vizuri," alisema Mwalimu, akafunga kitabu.

"Dada, kaa chini," Masele akadakia kutoka nyuma. "Usiseme zaidi."

Masele alikuwa mchimbaji, mgeni hapo Runzewe, mtu wa maneno machache. Kwa nini hakutaka aendelee? Loveness aliitazama mikono yake, mipana, yenye makovu. Miaka kumi na miwili alikuwa akiomba asikutane na yule mtu, na leo amemsomea habari zake mwenyewe kwa sauti.

Saa kumi walitawanyika. Masele alikuwa getini, pikipiki inaunguruma.

"Panda, dada. Tuondoke hapa kwanza, nitakueleza njiani."

Apande? Thubutu! Loveness aligeuka akakimbia alikotoka, ndala moja ikabaki mchangani.

"Mwalimu, ni yeye! Atanimaliza!"

Mwalimu Donatus hakuuliza mara mbili. Alimvuta ndani, akasukuma komeo, akafunga na madirisha. Nje Masele aliupiga mlango kwa ngumi, akimwita Loveness kama mwendawazimu.

"Tulia, mwanangu. Humu hakuna wa kukugusa. Hebu nichotee maji, koo limenikauka."

Moyo ulianza kumtulia. Alichota kikombe kwenye ndoo, akampa kwa mikono miwili, kama bibi alivyomfundisha.

Mwalimu alikunywa nusu. Kisha akasogea mlangoni, akainama, akayamwaga yaliyobaki kizingitini.