Asumini za Vuli

Mvua za vuli zilipoanza, mti wa asumini uliopo uani ulichanua hadi ukainama. Mwanakheri alikuwa ndani ya eda ya mumewe, na mjane wa eda hajipambi wala hajitii manukato. Kila asubuhi aliyafagia maua yaliyoanguka, akayamwaga jaani.

Jana eda ilikwisha. Leo alipotoka na ufagio wake, alimkuta mama mkwe wake, Bi Thureya, ameketi mkekani akitunga asumini kwenye uzi.

"Shikamoo mama. Kuna harusi?"

"Marahaba. Harusi ya nani? Kaa hapa, nipe kichwa chako."

Mwanakheri alisita. "Watu watasema nimemsahau mwanao."

"Waache waseme. Mwanangu aliupanda mti huu kwa ajili ya nywele zako, si kwa ajili ya ufagio."

Mwanakheri akaketi. Bi Thureya alilizungusha shada kwenye fundo la nywele za mkwewe, akainama akalinusa, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akamkabidhi sindano.

"Haya, na mimi nitungie langu."

Mwanakheri aliulaza ufagio chini, akakinga upindo wa kanga yake chini ya tawi, akalitikisa.