Mgongo wa Mtu wa Mwisho

Jirani yao, fundi viatu, anadai alimwona mke wa dereva kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa amejitolea kugawia wakimbiaji maji chini ya kilima cha pili, na gari la wagonjwa liliposimama mbele ya meza yake hakungoja hata dereva amalize kushusha kioo. Akaanza kusimulia jinsi mwanamke huyo alivyopita pale kitambo, kilemba chekundu, kifua mbele, vijana wa watu nyuma yake wanakula vumbi. Maji hakutaka hata tone.

"Kanunue sabuni mapema, bwana dereva," akasema. "Mwezi wa kufua huo umeshakufikia."

Kwa maana dereva alikuwa ameapa mbele ya wapangaji wote. Mke wake akimaliza mbio zile za vilima vitatu, yeye atafua nguo za nyumba nzima mwezi mzima, uani, mchana kweupe, watu wakimtazama. Aliapa kwa raha zake. Mwanamke mwenyewe akipanda kitanda tu anahema. Miezi minne alizunguka uwanja wa shule kila alfajiri, na miezi minne yote dereva hakuona mkimbiaji. Aliona mtu anayemaliza soli za viatu bure.

Muuguzi aliyekaa kando yake akasema huyo fundi mbona leo hata miwani hakuvaa. Dereva hakumsikiliza. Alikuwa ameshaona beseni la sabuni na kamba ya nguo, na majirani wameleta viti. Akatia gia kwa hasira.

Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu: kutambaa nyuma ya mtu wa mwisho, asimpite. Mbele ya gari kuna mbio. Nyuma ya gari hakuna kitu. Meza zinakunjwa, wasimamizi wanakwenda zao.

Baada ya kona akamkuta huyo mtu wa mwisho. Mwanamume mnene, fulana ya kijivu imemganda mgongoni, kwapani amebana mfuko wa plastiki.

"Tazama, na mzigo juu," dereva akasema. "Huyu anakimbia au anahama?"

Muuguzi akafungua daftari, akauliza namba ya yule mtu ni ngapi.

"Namba ziko vifuani, dada, sisi tunaona mgongo," dereva akamjibu, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Na namba ya mtu wa mwisho ya nini? Wa mwisho ni wa mwisho."

Muuguzi akaandika: wa mwisho.

Kwa mwendo ule kilima cha pili kilikuwa kirefu kama kifungo cha jela, na dereva akapata nafasi ya kuwadharau wote, mmoja mmoja. Karani aliyenunua viatu vya rangi ya limau ili awe wa mia mbili na kumi. Mwalimu aliyejipaka mafuta magotini kama anakwenda kuposa. Watu wazima, wana watoto nyumbani, wanakimbia na hakuna anayewafukuza. Hata mbwa hafanyi hivyo.

Pembeni ya barabara watazamaji walikuwa wamekaa juu ya mawe, wengine wanapunga mikono. Dereva alitazama mbele. Mtu anayeacha kitanda chake Jumapili kuja kuangalia visigino vya wenzake, naye hakumwona kuwa wa kupungiwa.

Yule mnene hakuacha kugeuka. Kila alipoliona gari aliongeza mwendo, akaenda hatua ishirini, pumzi ikamwishia, akageuka tena. Muuguzi akasema yule mtu ni kama ana hofu, wamsogelee wampe maji. Dereva akakataa katakata. Kumsogelea ni kumpita, na kumpita ni kosa. Halafu hiyo siyo hofu, hiyo ni haya, na amwache aione vizuri. Akampigia honi, kidogo tu, kumchangamsha. Mtu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Simu ikatetemeka mbele ya kioo. Jina la mkewe. Dereva alijua bila kufungua: ni picha, medali shingoni, meno yote nje. Akaifunika kwa kofia. Ikatetemeka mara ya pili, kisha ikanyamaza.

Walimaliza kilima cha tatu hivyohivyo, mtu na gari, kama ng'ombe na mchungaji asiyempenda. Pale mwisho wasimamizi walipoliona gari la wagonjwa wakapiga makofi mawili matatu ya uchovu, wakaanza kukunja kamba. Gari limefika, watu wamekwisha.

Ila yule mnene hakusimama. Alipita kwenye mstari bila kuutazama, akapita meza ya medali, akakata kulia na kuingia lango la karakana ya mbao. Walimwona kwa ndani ameegemea ukuta, mfuko bado kwapani.

Dereva akatikisa kichwa. Hata kusimama hajui.

Muuguzi akashuka na chupa ya maji, akamfuata. Aliporudi alitembea haraka, na dirishani hakuinama kama kawaida yake.

"Kaka, yule ni seremala wa pale, hakuwa mbioni. Anasema barabara mmeifunga tangu asubuhi, sasa yeye angefikaje kazini? Anauliza tulikuwa tunamfukuzia nini."

Dereva akaondoa kofia juu ya simu. Picha haikuwepo. Ulikuwepo ujumbe mmoja, wa saa nzima iliyopita.

"Baba watoto, umenipita hapa kwenye mawe, kilima cha pili, nakupungia hukunitazama. Kifua kinanibana na watu wote wameshaondoka. Geuza gari, nakuomba."