Maji ya Goti la Kobe

Daktari aliinua kichupa dirishani, na mwanga wa asubuhi ulipopita ndani ya maji aliyoyatoa gotini mwa binti, ukafifia kama jua ndani ya ukungu.

"Mama, maji ya goti lenye afya huwa maangavu. Hata maandishi ungeyasoma kupitia kwayo." Akasimamisha kitabu cha hadithi cha mtoto nyuma ya kichupa. "Jaribu."

Mama akasogea. Maji yalikuwa ya manjano, yakiyumba polepole. Herufi zilikuwa zimezama humo kama mawe chini ya mto uliotibuka.

"Sioni kitu."

"Basi goti linawaka ndani kwa ndani. Maji haya na damu ya binti tutavipeleka maabara. Viashiria, yaani dalili za ugonjwa zilizomo humo, vitatusaidia kujua ni baridi yabisi ya aina gani, na dawa ipi itamfaa."

"Hata watoto hupata?"

"Hupata, mama."

Kitandani, binti akacheka kidogo. "Si nilikwambia? Asubuhi mimi naamka, goti bado limelala. Wewe ukaniita Kobe."

Kila asubuhi mama alikuwa akimkemea mlangoni: jikaze, acha kudeka, viatu tu vinakushinda? Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Akapiga magoti sakafuni, akakipakata kiatu kidogo cha shule, akaanza kulegeza kamba zake, tundu baada ya tundu, kwa mwendo wa kobe.